Maswali ya Wasomaji: Chipu Haitengenezwi Tena, Tufanyeje?

Barua kadhaa zilizotufikia kutoka Mombasa na viunga vyake zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: kifaa kizima kimelala kwa sababu ya chipu moja ambayo kiwanda kimeacha kuitengeneza, au ambayo maduka yameacha kuiagiza. Tumechagua barua tano. Fundi wetu wa elektroniki anazijibu hapa chini.

Swali. Assalaam aleikum. Mimi ni fundi wa redio na amplifaya hapa Kongowea. Nimeletewa amplifaya ya madrasa ambayo upande mmoja umekufa, na chipu iliyoungua imeandikwa TDA2030A. Nimeizungukia Mwembe Tayari nikaikosa. Muuzaji mmoja amenipa chipu nyingine yenye miguu mitano, imeandikwa LM1875, akaniambia ni ileile. Nasita kuifunga kabla sijahakikisha. Je, ni kweli ni ileile, na mtu hujuaje? — Fundi, Kongowea

Jibu. Waaleikum salaam, ndugu yangu. Muuzaji huyo amekuelekeza vizuri, lakini kauli ya kwamba chipu mbili ni ileile haipokelewi mpaka ithibitishwe kwa mambo matatu: mpangilio wa miguu, kiwango cha juu cha volti, na tabia ya chipu ndani ya saketi yako. Yote matatu yamo kwenye datashiti, ambayo ni karatasi anayoitoa mtengenezaji mwenyewe na ambayo siku hizi hupatikana bure mtandaoni, hata ya chipu zilizoacha kutengenezwa zamani.

Tuanze na maandishi ya mgongoni. Herufi za mwanzo mara nyingi huonyesha kiwanda au familia: LM ilikuwa ya National Semiconductor, kampuni iliyonunuliwa na Texas Instruments mwaka 2011, KA ilikuwa ya Samsung, LA na STK zilikuwa za Sanyo, TDA imetumiwa na viwanda vya Ulaya kama Philips na ST. Kampuni hizi zimenunuana mno katika miaka thelathini iliyopita, kwa hiyo chipu unayodhani imekufa huenda bado inatoka kiwandani ikiwa na nembo nyingine. Tarakimu za katikati ndizo kazi yenyewe. Ndiyo maana RC4558, NJM4558, KA4558 na BA4558 zinaweza kukaa mahali pamoja katika saketi nyingi za sauti: zote ni 4558. Herufi za mwisho hueleza umbo la chipu, kiwango chake cha joto na mara nyingine ubora wake, na fundi akizipuuza hujikuta na chipu ndogo ya kulehemu juu ya bodi wakati bodi yake ina matundu ya miguu mirefu.

Kwa TDA2030A na LM1875, tarakimu hazifanani hata moja, hivyo hapa jina halikusaidii na lazima ufungue datashiti zote mbili. Ukizilaza pamoja utaona kwamba mguu wa kwanza ni wa kuingiza sauti, wa pili unapokea mrejesho (sehemu ya sauti inayotoka ambayo hurudishwa ndani kudhibiti ukuzaji), wa tatu ni volti hasi, wa nne unatoa sauti na wa tano ni volti chanya, kwa chipu zote mbili. Kwa upande wa volti, TDA2030A haipaswi kuzidishiwa jumla ya volti 44 kati ya mguu wa tatu na wa tano, ilhali LM1875 inavumilia hadi 60. Kwa hiyo kuiweka LM1875 mahali pa TDA2030A ni salama upande huo. Kinyume chake si salama: amplifaya iliyoundwa kwa LM1875 na kupewa jumla ya volti 50 itaiunguza TDA2030A mara tu utakapoiwasha. Na TDA2030 isiyo na herufi A mwishoni ina kikomo cha chini zaidi, jumla ya volti 36. Herufi moja tu, na tofauti ni volti nane.

Jambo la tatu, yaani tabia, ndilo ambalo mafundi wengi hulipita. LM1875 inataka saketi iliyopangwa kukuza sauti angalau mara 10; chini ya hapo inaweza kuanza kutetema yenyewe kwa masafa ya juu ambayo sikio halisikii, na ikapata moto bila sababu inayoonekana. Tazama rezista mbili za mrejesho. Saketi nyingi za TDA2030A zimewekewa kilo-ohm 22 na ohm 680, ambazo hukuza takriban mara 33, kwa hiyo hapo hutakuwa na shida. Hakikisha pia kwamba rezista ya ohm 1 na kapasita yake ndogo zilizounganishwa kwenye mguu wa nne bado ni nzima, kwa sababu mara nyingi huungua pamoja na chipu na mtu akabadilisha chipu peke yake.

Kabla ya kufunga, kumbuka kwamba bamba la chuma la mgongo wa chipu zote mbili limeungana na mguu wa tatu. Kama amplifaya yako ina volti chanya na hasi, bamba hilo lina volti hasi, na likigusana na kasha la chuma la amplifaya utapoteza chipu mpya. Weka maika (kipande chembamba kisichopitisha umeme) na kikombe cha plastiki kwenye skrubu, kisha upime kwa mita kuhakikisha kwamba hakuna mgusano. Uwashaji wa kwanza upitishe kwenye balbu ya zamani ya waya wa ndani (si LED) ya wati 60 iliyounganishwa mfululizo na stima. Balbu ikiwaka kwa nguvu na isififie, zima upesi; kuna hitilafu nyingine. Ikififia, pima volti kwenye waya wa spika kabla ya kuunganisha spika yenyewe. Kwa amplifaya ya volti chanya na hasi, panapaswa kuwa karibu sana na sifuri.

Swali. Shikamoo mwalimu. Katika kazi yetu ya darasani tunatengeneza saa ya zamani ya ukutani yenye chipu za familia ya 74LS. Moja imeharibika na tumepata ya 74HC yenye tarakimu zilezile za mwisho. Tuifunge? — Mwanafunzi, Likoni

Jibu. Marahaba, mwanangu. Tafuteni ya 74HCT badala ya 74HC. Chipu hizi huwasiliana kwa ishara mbili tu, ya juu na ya chini. Chipu ya 74LS inapotoa ishara ya juu, huhakikishiwa kufikia volti 2.7 tu, na kwa umeme wa volti 5 chipu ya 74HC inataka kuona takriban volti 3.5 ndipo ikubali kwamba ishara ni ya juu. Kati ya hapo haijulikani itaamua nini. Saa inaweza kufanya kazi mezani asubuhi na kuruka dakika jioni, na mtaisaka hitilafu hiyo mpaka mchoke. HCT iliundwa kwa ajili ya hali hii hasa, nayo inaridhika na volti 2. Angalieni pia miguu ya kuingiza ishara ambayo haikutumika: LS huihesabu kuwa iko juu hata ikiachwa wazi, lakini HC na HCT hazitaki mguu uliobaki hewani, hivyo uunganisheni na volti 5 au ardhi (volti sifuri) kulingana na mchoro.

Swali. Ndugu fundi, natengeneza chaja za betri za pikipiki za umeme huku Changamwe. Chaja moja ilikuwa na chipu KA3842 iliyopasuka. Dukani nikapewa UC3843, nikaambiwa zinaingiliana. Miguu inalingana kweli, lakini chaja sasa inatoa mlio wa tik, tik, tik na haichaji. Nimebadilisha transista kubwa na dayodi, na bado. — Fundi wa chaja, Changamwe

Jibu. Ndugu yangu, ninaamini transista na dayodi ulizozitoa zilikuwa nzima. Mlio huo unatokana na ile chipu mpya inayoendesha chaja: inajaribu kuamka, inashindwa, na inajaribu tena.

Ndani ya familia hii kuna ndugu wanne: 3842, 3843, 3844 na 3845. Wote wana miguu minane iliyopangwa sawasawa, na hapo ndipo duka na fundi hudanganyika. Tofauti yao iko kwenye volti ya kuamka na volti ya kulala. 3842 huamka inapofikiwa na volti 16 hivi na hulala zikishuka chini ya 10. 3843 huamka kwenye volti 8.4 na hulala kwenye 7.6.

Sasa fikiria kinachotokea unapowasha chaja. Rezista kubwa kutoka upande wa stima hujaza polepole kapasita iliyo karibu na mguu wa saba. Chipu ikiamka huanza kula umeme wa kapasita hiyo, na ni lazima transfoma ianze kuilisha kabla volti hazijashuka hadi kiwango cha kulala. Kwa 3842 kuna nafasi ya volti sita za kushuka, na mbuni wa chaja alichagua kapasita kwa hesabu hiyo. Kwa 3843 nafasi ni chini ya volti moja. Chipu inaamka, inapiga mapigo machache, kapasita inaishiwa, inalala, na mzunguko unaanza upya. Huo ndio mlio wako.

Rudisha 3842 ya kiwanda chochote cha kuaminika, iwe imeanza na UC au KA. Usishawishike na 3844 hata kama ndiyo iliyopo: volti zake za kuamka na kulala ni kama za 3842, lakini mapigo yake hayazidi nusu ya muda, na kwa rezista na kapasita zilezile za mguu wa nne masafa yake ya kutoa ni nusu. Chaja inaweza kuwaka na kuonekana nzima, kisha ikashindwa inapopewa betri iliyoisha kabisa. Ninasisitiza hili kwa sababu mteja wa chaja ya pikipiki anategemea kazi hiyo kwa mkate wake wa siku, na kifaa kinachofanya kazi nusu humrudisha kwako akiwa amepoteza siku nzima.

Unapobadilisha, badilisha pia ile kapasita ya mguu wa saba. Hukaa mahali penye joto na hukauka, na ikikauka hata 3842 halisi itatoa mlio huohuo. Chipu iliyopasuka nayo ni dalili kwamba umeme mwingi uliipitia, kwa hiyo pima rezista ndogo ya chini ya transista kubwa pamoja na ile inayounganisha mguu wa sita na transista. Kumbuka kwamba kapasita kubwa ya upande wa stima hubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya. Iondoe umeme huo kwa rezista yenye waya zilizofunikwa, upime, ndipo uguse.

Swali. Habari za kazi. Niliagiza kutoka ng'ambo chipu za zamani za kinanda cha muziki kwa bei nafuu sana. Zimefika zikiwa zinang'aa kama mpya, lakini mbili kati ya hizo zinapata moto hata kabla ya kinanda kupigwa. Nitatambuaje feki kabla sijalehemu? — Msomaji, Nyali

Jibu. Habari ni njema, dada. Kwa chipu ambayo kiwanda kiliacha kuitengeneza miaka mingi iliyopita, mng'ao wa upya ni sababu ya kuwa na shaka. Soko la chipu zilizokwisha limevutia watu wanaokwangua maandishi ya chipu ya bei rahisi au iliyotolewa kwenye bodi za takataka, wakaipaka rangi nyeusi na kuichapa jina linalotafutwa.

Ichukue chipu moja uilaze chini ya taa kwa pembe, ukiwa na kioo cha kukuzia. Kile kishimo kidogo cha duara kinachoonyesha mguu wa kwanza hutoka kwenye kalibu ya kiwandani, na ukingo wake huwa mkali na sakafu yake laini. Kwenye chipu iliyopakwa upya utakuta kishimo kimejaa rangi nusu, au sakafu yake ina chembechembe zilezile za uso wa juu. Tazama ubavuni: plastiki ya ubavu na ya mgongo zinapaswa kufanana, na mikwaruzo iliyokwenda upande mmoja ni alama ya msasa. Lowesha pamba kwa asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, usugue mgongo wa chipu moja tu. Pamba ikitoka nyeusi, umepata jibu, ingawa pamba ikitoka safi bado hujapata uhakika, kwa kuwa zipo rangi zinazostahimili asetoni.

Halafu soma msimbo wa tarehe. Mara nyingi ni tarakimu nne, mbili za mwaka na mbili za wiki, kwa mfano 9842 ni wiki ya 42 ya mwaka 1998. Ukikuta tarehe ya miaka mingi baada ya kiwanda chenyewe kununuliwa na nembo yake kuachwa, hapana haja ya kuendelea. Vilevile chipu za pakiti moja zenye msimbo mmoja lakini nchi tofauti za utengenezaji hazikutoka pamoja.

Kipimo ninachokiamini zaidi hakihitaji stima. Weka mita kwenye sehemu ya dayodi, kishikizo chekundu kwenye mguu wa ardhi wa chipu na cheusi kwenye kila mguu mwingine kwa zamu, uandike kila tarakimu. Fanya hivyo kwa chipu mpya na kwa ile ya zamani kutoka kwenye kinanda, hata kama imeharibika, kwa sababu kwa kawaida huharibika miguu michache tu. Orodha mbili zikifanana kwa miguu mingi, una haki ya kuwa na matumaini. Zikitofautiana kila mahali, umeuziwa kitu kingine. Fanya kipimo hiki wakati bado unaweza kudai fedha zako.

Kuhusu pa kununua, wasambazaji walioidhinishwa na viwanda kama Mouser, Digi-Key na Farnell huuza hata kipande kimoja, na kampuni ya Rochester Electronics ya Marekani ina idhini ya viwanda kuhifadhi na hata kuendelea kutengeneza chipu ambazo wenyewe wameziacha. Gharama ya kusafirisha hadi Mombasa na ushuru wa forodha huifanya chipu moja kuwa ghali, hivyo mafundi wa eneo moja wakichanga oda zao gharama hupungua. Na usiidharau bodi iliyokufa kwenye duka la vyuma chakavu: chipu unayoitoa mwenyewe kutoka kwenye kinanda cha aina hiyohiyo ina historia unayoijua.

Swali. Nina karakana ya kudarizi kofia na kanzu Mji wa Kale. Mashine yetu ya zamani imeanza kusimama katikati ya kazi. Kijana aliyeifungua amekuta chipu ya miguu arobaini iliyoandikwa Z80 na nyingine yenye kidirisha cha kioo. Anasema zote hazitengenezwi tena na mashine ni ya kutupwa. Je, ni kweli, mwanangu? — Mama wa karakana, Mji wa Kale

Jibu. Shikamoo, mama. Usiitupe. Kijana amesema kweli kuhusu Z80, chipu iliyo akili ya mashine: ilianza kuuzwa mwaka 1976, na Aprili 2024 kampuni ya Zilog ilitangaza kuacha kutengeneza toleo la Z84C00, ikapokea oda za mwisho hadi Juni 14 mwaka huohuo. Hata hivyo chipu hiyo ilitengenezwa kwa wingi na viwanda vingi, na akiba yake bado ipo. Toleo la Z84C00 lenye miguu arobaini huingia mahali pa Z80 ya zamani katika mashine nyingi, mradi kasi yake isiwe chini ya ile ya mwanzo.

Ile yenye kidirisha ndiyo ya kuchungwa kama mboni ya jicho. Ndani yake mna programu ya mashine yako, na chipu mpya ya aina hiyo ukiinunua itakuja tupu. Mwanga wa urujuanimno unaopita kwenye kioo ndio unaofuta maandishi hayo. Jua la moja kwa moja linaweza kuyafuta kwa muda wa wiki moja hivi, na taa za tyubu za chumbani kwa miaka mitatu hivi. Kama kibandiko cha kufunika kioo kimebanduka, kijana akifunike leo kwa utepe usiopitisha mwanga.

Kisha aisome. Vifaa vya kusomea chipu hizi huunganishwa na kompyuta na fundi wengi wanavyo. Asome mara kadhaa na kulinganisha mafaili; yakitofautiana, chipu imeanza kusahau au miguu yake ni michafu. Nakala iliyo sawa ihifadhiwe mahali pawili, iandikwe kwenye chipu ya ukubwa uleule, kwa mfano 27C256 kwa 27C256, ambayo hubeba kilobaiti 32, na chipu ya asili ibaki kwenye bahasha yake. Bodi ikiwa na betri ndogo, asiiondoe kabla ya kujua inalinda nini, kwa kuwa mashine nyingine huhifadhi mipangilio kwa betri hiyo.

Lakini kabla ya kununua chochote, mama, mwambie azichomoe chipu zilizo kwenye soketi, moja baada ya nyingine, akiwa ameandika kila moja ilielekea upande gani. Karakana za Mji wa Kale ziko karibu na bahari, na hewa ya chumvi huifanya miguu ya chipu kuwa myeusi hadi mgusano ukawa wa kubahatisha, hasa mashine inapopata joto. Kusimama katikati ya kazi kunafanana sana na hali hiyo kuliko na chipu iliyokufa. Aisafishe miguu na soketi kwa spiriti isiyo na maji mengi, aache ikauke, azirudishe, na soketi iliyolegea aibadilishe. Akishamaliza, mashine ifanye kazi siku nzima ikiwa na kofia ya majaribio kabla hamjaipa kanzu ya mteja.